Visima Vikavu vya Ndaresha

Enyi mlioketi na mliosimama, wenye mvi na wenye madaftari ya shule, nawaamkia nyote kwa heshima. Nitegeeni masikio, kisha mnipe hukumu, maana mimi imenishinda.

Katika ofisi moja ya utafiti walifanya kazi vibarua watatu. Nyambu alijaliwa jicho: namba ikipotea njia, yeye huiona. Kubo alijaliwa mkono: programu ya takwimu ilimtii kama ng'ombe amtiivyo mchungaji wake. Wakesho alijaliwa miguu na ukaidi: nyumba mia nne za kijiji cha Ndaresha alizibishia hodi zote, akiuliza, maji mnayapata wapi?

Majibu yalikuwa matano, kila moja na namba yake. La nne lilikuwa hili: kisima tunacho, ila kimekauka. Wakesho alilisikia mara mia tatu na kumi.

Mkuu wa ofisi, Bwana Mwandoe, alilitazama jedwali akakunja uso. "Majibu matano ya nini? Yawe mawili: wana kisima, hawana. Jedwali liingie ukurasa mmoja!" Akayaunganisha mwenyewe, tena juu ya safu ile ile, hata majibu ya awali yakafutika kwenye kompyuta. Kisima kikavu na kisima chenye maji vikawa kitu kimoja, na mtambo wa kuchimba visima ukaelekea kupangiwa kijiji kingine.

Nyambu alikuwa akihesabu kila jibu limetolewa mara ngapi katika swali lililofuata, la mwendo wa kufuata maji. Akaita, "Dada Wakesho, hebu njoo. Hawa wana kisima, na mia tatu na kumi kati yao hutembea mwendo wa saa tatu kufuata maji. Wanakwenda wapi, kupunga upepo?" Bila jicho lile, ripoti ingepita.

Wakesho aliwaka hasira. Akina mama waliompa maji nusu kikombe, wakimwomba radhi kwa uchache wake, leo wanaitwa wenye maji! Madodoso ya karatasi, yale aliyoyajaza nyumba kwa nyumba, Mwandoe alikuwa ameamuru apewe muuza njugu afungie njugu zake. Wakesho alikuwa ameyaficha ndani ya gunia, chini ya kitanda. Akalibeba mgongoni hadi ofisini. Bila gunia lile, ukweli usingekuwa na shahidi.

Zilibaki siku mbili kabla ya kikao cha kugawa mtambo. Kubo akaingiza upya majibu yote mia nne katika safu mpya, ile ya Mwandoe akaiacha kando ionekane.

"Kijana, acha hiyo kazi," Mwandoe alimkemea, "au kibarua chako kitaota nyasi."

Kubo hakuinua uso. "Kiote tu, mzee. Ndaresha watafurahi kuona kitu kibichi."

Bila mkono ule, kikao kingepita. Mtambo ukaenda Ndaresha, maji yakatoka.

Ndipo makao makuu yakatoa nafasi moja ya kudumu kwa aliyeuokoa utafiti. Wawili waondoke mwisho wa mwezi. Na nani akakabidhiwa uamuzi? Mwandoe yule yule, kitini pake, hajaulizwa hata neno!

"Chagueni wenyewe," akasema. "Nileteeni jina moja."

"Niliyeona ni mimi," alisema Nyambu.

"Uliona, ukakaa," Kubo akamjibu. "Nani alitishwa?"

"Na mngeingiza nini bila gunia langu?" Wakesho akauliza. Nafasi ile aliitaka, na hakuona haya kuitaka. Lakini kila aliposhika kalamu aandike jina lake, macho yake yaliuendea mlango wa Mwandoe, na kalamu ikarudi mezani. Jioni karatasi ilikuwa bado nyeupe.

Je, wewe ungeamua vipi? Jicho, gunia au mkono: liandikwe jina la nani?

Aliyenisimulia kwanza hakunipa jibu. Alisema tu kwamba siku ile alimimina chai vikombe vitatu, na cha Mwandoe akakirudisha kabatini kikiwa kikavu. Huyo ndiye mpishi wa chai wa ofisi ile, Bi Mkawasi.