Maharage Aliyoyachagua Tajiri Mwakalobo

Siku moja jikoni shuleni walikuwapo Mwalimu Mkuu Ambakisye, mpishi Mama Tumpale, tajiri Mwakalobo mwenye maghala, na Subilaga, aliyetumwa na wakulima wenzake kuomba watoto wapikiwe maharage ya palepale kijijini.

"Mashamba gani mnayo, binti? Vile vitalu wanavyoparua kuku?" alicheka tajiri. "Shule hii inakula maharage yangu."

"Ni kweli, baba, sisi ni nani?" alisema Subilaga akiinamisha kichwa. "Lakini wewe ndiye mwenye ulimi wa kujua vitu vizuri. Onja, uchague. Utakayoyataja ndiyo watoto watakayokula mwaka mzima."

Mwalimu akakubali. Tajiri akakubali upesi zaidi.

Mama Tumpale akafunua masufuria mawili. Tajiri alionja la kwanza, akatema pembeni.

"Haya ya vitaluni! Yananuka umaskini."

Alipoonja la pili alifumba macho.

"Haya ndiyo yangu. Laini kama siagi! Mtu hakosi kuijua mali yake."

"Umechagua, baba?"

"Nimechagua! Mwalimu ni shahidi."

"Ahsante kwa kutupenda," alisema Subilaga. "Uliyotema ni ya shambani kwangu. Hayo uliyochagua ni ya shemeji yangu, jirani yangu pale vitaluni. Ya kwako yapo kwenye jiko la nyuma, yanachemka tangu alfajiri. Mama Tumpale anatumaini yataiva Ijumaa."

Tangu siku hiyo Mama Tumpale hajawapondea tena maharage kwa mwiko watoto wa darasa la kwanza wenye mapengo.