Kwa Nini Bawabu wa Shirikisho Haitikii Salamu

Endeleeni kupukuchua mahindi. Mikono ina kazi yake na masikio yana yake. Mjukuu wangu Mkunde alikwenda jana kwenye Baraza la Shirikisho kuulizia maji ya mfereji, na amerudi amenuna. Anasema bawabu wa pale hana adabu. Alimwamkia vizuri, mzee hakuitikia, akamwambia tu, "Pita." Tena anauliza kwa nini sisi watu wa Ushani, wenye mfalme wetu, tuwe chini ya serikali moja na watu wa Mrau na Kibwei. Nitawaeleza, ingawa habari hii siipendi. Huniuma kila ninapoisimulia.

Wakati huo mlima huu ulikuwa na nchi tatu zilizopakana na hazikujuana. Ushani ilikuwa juu, Mrau katikati, Kibwei chini. Mipaka ilipandwa masale, ile mimea ya majani marefu, na kila mpaka ulikuwa na mlinzi. Mtu wa nchi nyingine hakupita mpaka awe na jani la isale lililofungwa fundo na mfalme wake. Asiye na fundo alingoja nje, mlinzi aende kumwuliza mfalme, kisha arudi na jibu. Wazee wetu walijivunia sana sheria hiyo, Mungu awasamehe.

Kila nchi pia ilikuwa na baragumu lake la hatari. Likilia la Mrau, watu wa Ushani waliinua vichwa, wakasikiliza kidogo, wakasema, "Ni la kwao hilo." Kisha wakarudi kupalilia. Wa Kibwei walifanya vivyo hivyo, na wavamizi wa nyikani walilijua jambo hilo kuliko sisi wenyewe tulivyolijua.

Mlinzi wa mpaka wa Ushani alikuwa mzee mmoja jina lake Mshighati. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Nakijwa, aliyeolewa Mrau. Nakijwa alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na babu alikuwa hajamwona bado. Alikuwa amemshonea mjukuu mbeleko ya ngozi laini ya mbuzi, akaipeleka kwa mkono wa mpita njia mwenye fundo.

Mwaka wa ukame wavamizi walipanda Mrau asubuhi. Baragumu lililia mpaka likakatika. Huku juu watu walisema yale waliyozoea kusema. Mfalme wa Mrau aliuawa mapema, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kufunga fundo. Nakijwa alikimbia na mtoto mgongoni, akafika kwenye masale akitweta, akamwona baba yake amesimama ng'ambo na mkuki wake.

Alikuwa binti aliyelelewa. Hata katika hali ile alipiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Fundo unalo?"

"Mfalme wetu ameuawa, baba. Wanakuja nyuma yangu."

"Basi ningoje hapo hapo. Nakimbia kwa mfalme, narudi sasa hivi."

Msimcheke. Alikuwa amelinda mpaka ule miaka thelathini bila kumpitisha mtu hata mmoja kinyume cha sheria, na hakujua namna nyingine ya kuwa mwema. Alikimbia kwelikweli, mzee yule, akaanguka mara mbili njiani. Mfalme wa Ushani aliposikia, alikasirika. "Mwanao mwenyewe, Mshighati, umemwacha nje?" alisema, kana kwamba sheria ile ilitungwa na mtu mwingine.

Aliporudi hapakuwa na mtu. Majani yalikuwa yamelala pale Nakijwa alipokaa kumngoja. Hakuwa ameruka mpaka wala kujificha; alikaa pale pale alipoambiwa. Mbeleko ilikuwa imenasa kwenye isale, na nyayo nyingi zilielekea nyikani.

Mshighati aliivaa mbeleko ile begani, akatembea nchi zote tatu akiwaomba watu wawe na baragumu moja. Mrau na mfalme wao mpya walikubali, maana hawakuwa na kitu tena. Mfalme wetu aliona haya, akakubali. Mfalme wa Kibwei alisema yaliyotokea huko juu ni ya kwao. Mwezi uliofuata baragumu la Kibwei likalia. Mshighati akaruka masale bila fundo, akiita njia nzima, na vijana wa Ushani na Mrau wakamfuata. Wavamizi walizoea kukuta nchi moja. Siku ile walikutana na tatu, wakakimbia.

Mfalme wa Kibwei akapanda mwenyewe kuja kushukuru, na hakuwa amebeba fundo. Ndipo walipopatana. Kila mfalme akae kwenye kiti chake, na kila nchi ioze binti zake na kuamua kesi zake kwa desturi yake. Lakini baragumu liwe moja, jeshi moja, mifereji iwe ya wote, na masale ya mipakani yang'olewe. Mambo hayo yawe mikononi mwa Baraza la watu tisa, watatu kwa kila nchi. Jeshi hilo jipya lilitumwa kwanza nyikani kumtafuta Nakijwa na mtoto. Walizunguka siku arobaini, wakarudi mikono mitupu.

Walitaka Mshighati awe mkuu wa Baraza, akakataa. Aliomba kazi aliyoijua, kukaa mlangoni. Alikaa hapo mpaka akafa, na mbeleko imetundikwa juu ya mlango hadi leo.

Na tangu siku hiyo nchi zetu tatu zimekaa chini ya serikali moja, kila moja na mfalme wake. Na tangu siku hiyo anayefika mlangoni pale, awe wa kwetu au wa kwao, huambiwa kwanza, "Pita." Salamu huitikiwa ndani, akishakaa.

Bawabu yule anaijua adabu, Mkunde. Mshighati aliitikia salamu kwanza.