Andazi Lenye Macho Mawili

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wamepata umeme lakini bado hawajapata mahakama, kesi zote ziliamuliwa kwenye kibanda cha gemu cha Hondohondo.

Gemu lenyewe lilikuwa moja tu. Ndani ya kioo kulikuwa na nchi ya matofali, bapa kama sinia. Unaandika amri, kiumbe kinatokea. Ukiandika "pembe tatu", kinaota pembe tatu. Ukiandika "kinacheka", kinacheka mpaka ukizime. Wenye kesi waliunda viumbe vyao, vikaachiwa katika nchi ile, na ambaye kiumbe chake kilibaki cha mwisho ndiye aliyeshinda.

Siku hiyo, watoto wangu, kesi ilikuwa ya jiwe.

Pimbi alikaa katika jiwe hilo na wanawe wanne. Jiwe lilikuwa na ufa, na ndani ya ufa mlikuwa na jiko, kitanda na kabati la vyombo. Kifaru alilitaka jiwe ajikunie mgongo. Kiboko alilitaka kwa sababu Kifaru alilitaka.

"Fungasha, Pimbi," alisema Kifaru. "Mgongo unaniwasha tangu Jumanne."

"Mzee Kifaru, na watoto niwapeleke wapi?"

"Watoto wako wanaenea kwenye kikombe. Nenda na kikombe."

"Hohohoo!" Kiboko akacheka. "Na wewe mwenyewe upande kwenye kijiko!"

"Haya," alisema Pimbi. "Twendeni kwa Hondohondo."

Sasa, wakubwa hawakuweza kuandika. Kifaru akibonyeza herufi moja, zinabonyezeka zote na meza inavunjika. Kiboko hata mlangoni hapiti. Kwa hiyo aliyewaandikia wakubwa siku zote alikuwa karani wa kibanda, na karani wa kibanda alikuwa Pimbi.

"Haiwezekani!" Kiboko alipiga kelele kutoka dirishani. "Mshitakiwa ndiye karani?"

"Akiandika, nasoma kwa sauti," alisema Hondohondo. "Kama hujaridhika, sema kabla sijabonyeza. Nikishabonyeza, haifutwi. Na mila ni ile ile: kila mtu akitamkie kiumbe chake majigambo aliyojigamba siku ya harusi yake. Kuongeza ruhusa, kupunguza aibu."

Pimbi akakaa kwenye stuli. Yeye ndiye aliyekifuta kioo kile vumbi kila asubuhi, na alijua jambo ambalo wakubwa, wanaochungulia dirishani kwa jicho moja, hawakuwahi kuliona. Nchi ya matofali ilikuwa na ukingo. Na chini ya tofali moja hapakuwa na tofali la pili. Hapakuwa na kitu.

"Andika!" Kifaru alianza. "Kikubwa kama kilima!"

Ta-ta-ta-ta.

"Pembe mbili. Hapana, saba! Ngozi ya chuma!"

Kiumbe kikasimama kiooni, kimejaa pembe kama mchungwa wenye miiba. Watazamaji wakasema, "Mamaa!"

"Ni hayo tu, mzee?" Pimbi aliuliza.

"Hayatoshi?"

"Yanatosha, yanatosha. Ila siku ya harusi yako nilikuwa jikoni nikikuna nazi, nikasikia majigambo mazito zaidi. Au ile ilikuwa harusi ya Nyati?"

"Nyati!" Kifaru akapuliza pua, pazia la dirisha likaruka. "Nyati alijigamba nini? Ile ilikuwa yangu! Nilisema: mimi nikianza mwendo sisimami! Sigeuki! Siangalii chini, walio chini waniangalie mimi!"

"Niandike?"

"Yote!"

Hondohondo akasoma: "Kikianza mwendo, hakisimami. Hakigeuki. Hakiangalii chini. Umeridhika?"

"Nimeridhika mno."

Tap! Akabonyeza.

Ikaja zamu ya Kiboko. "Changu kizidi cha Kifaru. Mdomo kama lango la zizi!"

"Mdomo umekaa," alisema Pimbi. "Lakini cha mzee Kifaru hakisimami."

"Na changu hakishibi! Niliwaambia wakwe zangu waziwazi: nikikaa kula, mbele yangu hakibaki kitu. Si wali, si sahani, si mkeka!"

"Kinakula kila kilicho mbele yake, basi."

"Na kilicho chini yake!"

"Chini yake tena, mzee? Fikiri kidogo."

"Unanifundisha kujigamba, wewe kidole gumba? Andika!"

Pimbi akaandika. Hondohondo akasoma kila neno, Kiboko akaitikia kila neno. Tap!

"Na wewe, karani?"

Pimbi akaandika amri moja. Kiooni kikatokea kitu kidogo, cha mviringo, cha rangi ya kahawia, kina macho mawili.

"Hilo si andazi?" aliuliza Kiboko.

"Ni andazi."

"Na majigambo yako?" aliuliza Hondohondo.

"Siku ya harusi yangu mvua ilinyesha, wageni wote wakakimbia. Mimi nilisema neno moja. Nilisema, nakaa."

"Kinakaa," Hondohondo akasoma. "Halafu?"

"Basi."

Kwa-kwa-kwa-kwa! Kiboko alicheka mpaka akakalia baiskeli ya Nyani. Nyani hakucheka.

"Moja, mbili, achia!"

Kiumbe cha Kifaru kikaondoka. Tutumu! Tutumu! Kikalielekea andazi moja kwa moja. Pimbi alishika stuli kwa mikono yote miwili. Kichwani aliona kikombe, na watoto wanne ndani yake. Mguu ukaanguka kulia kwa andazi. Mguu ukaanguka kushoto. Tutumu! Kikapita juu yake, hakikuangalia chini.

"Umelipita! Geuka!" alipaza sauti Kifaru.

"Hakigeuki," alisema Hondohondo.

"Basi kisimame!"

"Hakisimami."

Tutumu, tutumu, mpaka ukingoni. Fyuuu!

Kifaru akasukuma jicho dirishani. "Kimeenda wapi?"

"Nje ya dunia."

"Hohohoo!" Kiboko alirukaruka. "Mla miiba wewe! Tazama mwanamume anavyokula! Changu, lete andazi hilo!"

Kiumbe cha Kiboko kikafungua mdomo. Ngwam! Mti. Ngwam! Kilima. Ngwam, ngwam! Vilima viwili na daraja.

"Kimbia, andazi!" walipiga kelele watazamaji.

"Kinakaa," alisema Hondohondo.

Yakabaki matofali matatu. Yakabaki mawili. Pimbi akafumba jicho moja. Ndipo kiumbe kikainamisha kichwa, kikaangalia kilichokuwa chini yake.

"Si hapo!" Kiboko alilia. "Umesimama hapo! Tema! Tema, mwanangu!"

Ngwam.

Fyuuu!

Kiooni likabaki shimo, na kando ya shimo tofali moja, na juu ya tofali andazi linalopepesa macho.

"Hila!" Kifaru alinguruma. "Huyu ametuchezea!"

Hondohondo hakubishana. Alizisoma amri zote upya, moja baada ya nyingine, na ndani na nje ya kibanda kila mtu akasikia.

"Maneno haya ni ya nani?" akauliza.

Wote wakageukia dirishani.

"Yangu," alisema Kifaru.

"Ya Nyati," alisema Kiboko.

Kicheko kikaangusha kopo la sarafu za gemu kutoka rafuni. Kiboko akaenda zake mtoni, na Nyani nyuma yake akidai baiskeli. Kifaru alibaki dirishani, akijisugua kwenye nguzo, na nguzo ikianza kulegea.

"Jiwe ni lako, Bi Pimbi," alisema mwishowe. Hakuwa amewahi kumwita Bi. "Lakini mgongo wangu je?"

"Upande wa nyuma wa jiwe hakai mtu, mzee. Uje ujikune, lakini upige hodi kwanza, kama wageni wengine."

Kifaru akafikiri. Jambo hilo lilimwia gumu kuliko pembe saba.

"Hodi," akasema kwa sauti ndogo.

"Si hapa, mzee. Nyumbani."

Nanyi mlionisikiliza, chukueni hili mkalale nalo: mwenye majigambo hahitaji adui, mwache tu amalize kusema.