Bawabu wa Chini ya Kiti cha Wakesho

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sogeeni motoni. Mmesogea?"

"Tumesogea!"

"Basi tegeni masikio niwape kisa cha mlinzi wa mlango."

Hapo zamani za kale, huko milimani Taita, aliishi mkunga jina lake Wakesho. Miguu yake haikuwa na nguvu, lakini mikono yake, wanangu, ilipokea watoto wa mlima mzima. Alitembelea kiti cha magurudumu kinachokwenda kwa umeme.

Chini ya kiti hicho waliishi watatu. Betri, mnene, mwenye ghala la umeme. Mota, mwenye misuli, mzungusha magurudumu. Na katikati yao Bawabu, kijidude cheusi, kidogo kama punje ya hindi, chenye miguu mingi kama tandu. Kazi yake ilikuwa kushika mlango. Umeme ukitoka kwa Betri kwenda kwa Mota, sharti upite kwake. Ukiwa wa kiasi, aliuacha upite. Ukizidi, alifunga. Na mlango wake ulilia vipi?

"Tak!"

Ehee! Tak!

Asubuhi moja kijana mmoja, Mwakio, alikuja mbio, jasho linamchuruzika. "Shangazi Wakesho! Mke wangu Mkawasi ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya!"

"Tangulia ukachemshe maji," Wakesho akamwambia. Akapakata mkoba wake, akabonyeza kitufe.

Mota akaamka. Na Mota akiamka huamka na kiu. Akauvuta umeme kwa pupa, gu-gu-gu!

"Funga!" Betri akalia. "Huyu atanimaliza!"

Bawabu akashika komeo, lakini hakufunga. Aliijua kiu ya kuamka. Akasubiri kufumba na kufumbua, na kweli, Mota akatulia, akanywa taratibu. Kiti kikaondoka.

Kikaenda, kikaenda, kikaenda. Kwenye mwinuko, tawi likajichomeka katika gurudumu. Mota akasukuma, wapi! Akanywa umeme zaidi, akasukuma, wapi! Mwili ukaanza kumchemka.

"Nipe zaidi!" akaguta. "Naweza!"

"Unaungua, ndugu yangu," Bawabu akasema.

"Akafunga?"

Akafunga! Tak! Akamwacha Mota apoe kidogo, akafungua kujaribu. Bado limenasa. Tak! Akamwacha apoe, akafungua tena. Bado. Tak!

Wakesho akahisi kiti kinashtuka na kukoma, kinashtuka na kukoma. Akainama, akaliona lile tawi, akalichomoa akalitupa bondeni. Bawabu alipofungua tena, gurudumu likazunguka kama halikuwahi kunasa.

Kikaenda, kikaenda, kikaenda. Wakafika kijitoni. Ng'ombe walikuwa wanavuka, ikabidi Wakesho asimame awapishe. Wakati anawapisha, mbuzi mmoja akaja kwa nyuma, akaziona waya za Mota, akadhani ni mizizi. Akatafuna mpira wa waya hizo, nyam-nyam, shaba ikabaki uchi.

"Mbuzi huyo!"

Huyo huyo! Ng'ombe wakaisha, Wakesho akabonyeza kitufe. Zile waya mbili zikagusana, umeme ukapiga shoti. Haukufika kwa Mota hata kidogo. Ulipata njia ya mkato, ukashuka kwa ngurumo kama mto wa masika. Safari hii Bawabu hakusubiri kitu.

"TAK!"

Akafunga, akatia komeo, akawasha taa yake nyekundu. Wala hakujaribu kufungua tena.

"Fungua!" Mota akamsihi. "Mkawasi anatusubiri!"

"Fungua, we mchoyo!" Betri akamkaripia. "Umeme ni wangu!"

Na juu yao Wakesho akaupiga konde mkono wa kiti. "We kiti! Leo ndiyo siku ya kunisusia?"

Neno hilo lilimchoma Bawabu. Alimpenda Wakesho. Alitamani kufungua kuliko wote. Lakini alisema, "Nikifungua tutawaka moto, na yeye amekaa juu yetu. Hapana."

"Fungua!"

"Hapana."

Wakesho akaiona taa nyekundu. Akanusa: harufu ya mpira. Akapapasa nyuma, akazipata zile waya zimekumbatiana. Akazima kiti. Akafungua mkoba wake wa ukunga, akatoa plasta ya kufungia vidonda, akazitenganisha waya, akaifunga kila moja kwa upole kama anafunga kitovu. Kisha akawasha upya.

Bawabu akaonja umeme. Kiasi. Akatoa komeo, akafungua mlango wote.

"Twende, ndugu yangu!"

Wee! Kiti kilipanda mlima vumbi linatimka! Mama mkwe wa Mkawasi alikuwa mlangoni. "Upesi, mwanangu, mwenzio anazidiwa!" Wakesho akaingia, akamkanda Mkawasi tumbo, akamgeuza mtoto pole pole. "Sukuma, mwanangu!" Halafu, ngaa! ngaa! Mtoto wa kike, tena mwenye mapafu kweli kweli!

Vigelegele vikapasua mlima. Wanawake wakamnyanyua Wakesho pamoja na kiti chake, wakazunguka naye uani wakiimba. Na huko chini Betri akamwambia Bawabu kwa sauti ndogo, "Mlinzi, nilikuita mchoyo. Wewe ndiye uliyetufikisha."

Bawabu alifurahi mpaka miguu yake yote ikamtetemeka.

Basi wanangu, mtu akikwambia hapana ili usiungue, usimnunie. Huyo anakutakia mema. Mimi kisa changu nimekitua hapa. Anayekitaka akibebe aende nacho kwao.