Firigisi ya Mwenye Safari

Hadithi hii nimezunguka nayo miaka mingi na hukumu yake imenishinda, kwa hiyo leo naitua kwenu. Sikilizeni kwa masikio yote mawili. Mwishoni nitauliza, na atakayesinzia ndiye nitakayemwanzia.

Walikuwapo wasafiri watatu. Hawakuwa wafanyabiashara, wala wakimbizi, wala mahujaji. Walikuwa watu wa kutia begi mgongoni na kwenda tu, nchi hadi nchi, kwa miguu na kwa malori ya mkaa, wakilala wanapokaribishwa.

Wa kwanza ni Tusekile wa Tukuyu. Yeye alikuwa na kichwa cha njia. Ukimwambia mara moja kwamba mbele kuna kijito, kisha mti uliopigwa radi, hasahau hata mwaka upite.

Wa pili ni Kibwana wa Pangani, na kipawa chake ni ulimi. Akiingia nchi Jumatatu, Ijumaa anawatania wenyeji kwa lugha yao, nao wanacheka huku wakimtafutia kiti.

Wa tatu ni Wanjala wa Bungoma. Huyu alikuwa na bega. Alibeba kama punda, ila punda halalamiki.

"Nyinyi Watanzania mnatembea kama mnasindikiza bibi harusi," alikuwa akisema.

"Na wewe Mkenya unatembea kama umeiba kuku," Kibwana humjibu.

Siku ya kuondoka walikubaliana jambo moja: kila kitu kwa tatu. Chungwa moja, vipande vitatu. Blanketi moja, zamu tatu. Lakini safari yenyewe ni ya nani, hawakuulizana. Hapo ndipo walipokosea.

Ilipofika mwezi wa kumi na nne, Tusekile alikuwa na uchovu usioponywa na usingizi. Alichoshwa na mihuri inayogongwa na maofisa wasiomtazama usoni. Alichoshwa na kuharisha, na kucheka ili apendwe na watu ambao kesho atawaacha. Zaidi ya yote alichoshwa na swali. Kila kijiji, wanawake wenye ndoo na kuni kichwani walisimama wakalitazama begi lake.

"Unauza nini?"

"Siuzi kitu."

"Sasa umebebea nini?"

Mwanzoni alikuwa na jibu refu. Jibu likafupika kila mpaka waliouvuka, mpaka likaisha. Wale walibeba kwa sababu hawakuwa na wa kuwabebea. Yeye alibeba kwa kupenda, na kupenda kwenyewe kulikuwa kumemwisha.

Tena kulikuwa na ile simu. Juu ya kilima kimoja chenye mtandao alimpigia dada yake, akaomba azungumze na Atu, binti yake, aliyemwacha ana miaka mitatu. Mtoto akasikiliza kidogo, kisha akageuka kumwuliza aliyekuwa kando yake, "Mama, huyu ni nani?"

Aliyeitwa mama ni dada.

Tangu siku hiyo Tusekile hakuwa na neno jingine: nyumbani. Kibwana naye hakutaka kulisikia. Bahari ya upande wa pili wa bara ilikuwa imebaki mwendo wa wiki tatu, naye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuanza. Alianza useremala, akaanza chuo, akaanza na ndoa, na hakuna alichokimaliza. Aliwaapia ndugu zake waliomcheka kwamba maji ya bahari ile atayagusa kwa mkono wake.

Wakiwa bado wanabishana, mvua za kwanza zikawakuta katikati ya mabwawa. Njia ikamezwa. Kila walikogeuka palikuwa maji na matete.

Tusekile akafumba macho. Miezi minne nyuma, mrina asali mmoja alikuwa amemwambia: ukiona mitende miwili iliyoinamiana, iache kushoto, ufuate vichuguu, maana mchwa hajengi majini. Akaitafuta mitende, akaiona, na kwa siku mbili akawapitisha kichuguu hadi kichuguu mpaka nchi kavu. Kama si kichwa chake, wangezungukia pale hadi kufa.

Wakatoka majini wakaangukia mikuki. Wanaume sita walikuwa wameibiwa ng'ombe juzi yake, na mmoja alikuwa na gobori lililoshindiliwa tayari. Kibwana akainua kikaango chao cheusi. "Jamani," akawaambia kwa lugha yao, "ng'ombe mzima nimkaange humu?" Aliyeshika gobori ndiye aliyecheka kwanza. Wakawaonyesha njia ya kwenda mtoni. Kama si ulimi wake, leo nisingekuwa na hadithi.

Kesho yake homa ikamwangusha Tusekile, na Kibwana akakanyaga kisiki, akawa wa kujikongoja na fimbo. Wanjala alichukua mabegi yote matatu, akayapeleka hatua mia mbele, akayatua. Akarudi, akambeba Tusekile mgongoni. Akamtua, akayachukua mabegi tena. Mwendo ambao wenzake walikwenda mara moja, yeye alikwenda mara tatu, tangu alfajiri hadi jua kuelemea. Kama si bega lake, wangelala pale moja kwa moja. Alipofika, goti lake lilikuwa limevimba kama boga.

Walifika kwa Chinyama, mtega samaki aliyeishi na mkewe ukingoni mwa mto. Siku ya tatu, homa ya Tusekile iliposhuka, wakachinjiwa kuku. Mchana ule sufuria ikawekwa katikati, na juu ya minofu ikakaa firigisi moja.

Chinyama akasema, Kibwana akafasiri: "Firigisi ni ya mwenye safari. Atakayeila ndiye atakayeniambia kesho niwapeleke wapi. Kabla ya mafuriko mtumbwi wangu unatoka mara moja tu. Tuelekee bahari, au tuwarudishe mlikotoka. Au nisiufungue kabisa, mkae nasi miezi mitano hadi mvua ziishe."

Wanjala, kwa mazoea ya vipande vitatu, akachomoa kisu. Chinyama akamshika mkono.

"Haikatwi. Ikikatwa, na safari imekatika, nami sipakii watu wa safari iliyokatika."

Tusekile akamkazia macho Kibwana. "Amesema hivyo, au umesema wewe?"

"Wallahi amesema yeye! Ingekuwa langu mimi, ningeshaitafuna."

Kutengana hawakuweza. Upande wowote mtumbwi utakakowashusha, mbele palikuwa na siku saba za nyika kwa miguu, na walikwisha kuona kwamba akikosekana mmoja, wawili hawafiki.

"Mimi ndiye niliyewatoa majini," Tusekile akasema. "Na mwanangu ananisahau. Turudi."

"Na yule mrina asali, maneno yake ulifasiriwa na nani?" Kibwana akauliza. "Mtu wa kutoa mtu kwenye mikuki leo hana lake? Nikirudi kutoka hapa, dada, nimekwisha. Nitakuwa nimeanza tena."

Wanjala hakuinua uso. "Endeleeni tu kugombana. Wewe nilikubeba, na begi lako wewe nililibeba. Goti hili nikilikanyagia siku saba, kwenda au kurudi, sitatembea tena maishani. Mimi nasema tukae."

"Miezi mitano!" Tusekile akapiga goti lake mwenyewe kwa ngumi. "Nimlipe Atu kwa goti lako?"

"Na mimi nilipe goti kwa Atu?"

Tusekile aliwapenda wote wawili, na hasira ikampanda, maana hakuona hata mmoja wa kumwita mwongo. Akanyoosha mkono kuelekea sufuria. Pale pale akaona vifaranga saba vikizunguka mafiga, vinalia, vinachokora majivu. Chinyama na mkewe hawakuwa na kuku mwingine. Mkono ukabaki hewani.

"Chakula kinapoa," mke wa Chinyama akasema, na hapo hapakuhitajika mfasiri.

Basi nami nanyamazia hapo. Kichwa, ulimi, bega: kimoja kingepungua, wote wangekufa. Mtoto, nadhiri, goti: lolote watakaloamua, viwili vitakuwa hatarini. Wewe uliye pale mwisho, nawe mama unayetikisa kichwa, niambieni. Firigisi ile mngempa nani aile, na wale wawili mngewaangaliaje usoni?