Nani Anyimwe Udongo wa Tusekile

Hapo zamani, na si zile za fisi kusema, ni zamani za juzi tu, simu zilikuwapo na lami ilikuwapo, palikuwa na mji wa milimani ulioitwa Lusungo. Mji huo ulikuwa na duka moja la dawa, hospitali moja ng'ambo ya mlima, na mila moja kali. Mtu akifa kwa uzembe wa watu, mfiwa husimama kaburini na kumtaja mmoja asiyeruhusiwa kutupa udongo. Mmoja tu. Akitaja wawili, hajataja. Asipotaja, wote huenda zao wasafi. Na aliyetajwa hubaki ametajwa maisha yake yote. Hata kanisani watu humwachia benchi zima.

Sasa sikieni, maana hadithi hii inanichoma na sitaificha hasira yangu.

Subilaga alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Tusekile, wa miaka tisa, mgonjwa wa pumu. Mumewe alikuwa amekufa kwa vidonge. Alikwenda dukani na homa, mwenye duka wa wakati ule akampa dawa bila cheti cha daktari, bila hata kumwuliza mwili wake unakataa nini. Kabla ya jua kutua akavimba koo, akafa. Subilaga alimshtaki yule mwenye duka mpaka akafungwa, na tangu hapo hakutaka kusikia habari ya dawa isiyo na cheti. Nani amlaumu? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Basi Baraza la nchi likaleta sheria mpya: mfamasia aruhusiwe kutoa dawa kadhaa bila cheti. Zilikuwa dawa kumi na tatu, na ya tisa ilikuwa dawa ya kuvuta ya pumu. Mheshimiwa Kabuje, mjumbe wa Lusungo, akaja na orodha kuuliza maoni ya watu. Subilaga akasimama, picha ya marehemu kaishika kifuani. Akasema dukani si hospitalini. Akasema asiyesomea udaktari asijifanye daktari. Akasema, akalia, na ukumbi mzima ukalia naye. Mheshimiwa akatoa kalamu palepale, akakata dawa nane za mwisho, akapigiwa makofi. Hakusoma alichokata. Subilaga naye hakuuliza kilichokatwa. Sheria ikapita na dawa tano zilizobaki, orodha ikabandikwa ukutani dukani.

Asubuhi moja ya vumbi Tusekile akabanwa kifua. Kichupa chake cha kuvuta kilikuwa kitupu, na cheti chake kilikuwa kimekwisha muda siku mbili nyuma. Mama yake akambeba mgongoni mpaka dukani kwa Gwakisa, mfamasia mpya. Dawa ilikuwa rafuni, ukinyoosha mkono unaigusa. Gwakisa akaitazama dawa, akaitazama orodha, akampigia simu Daktari Mwakalindile. Daktari akasema hamwandikii mgonjwa asiyemwona, aletwe. Wakapanda pikipiki kuvuka mlima. Mtoto alikata roho kwenye kona ya pili, naye Subilaga akaendelea kumsemesha mpaka mlangoni pa hospitali.

Siku ya maziko mfamasia, daktari na Mheshimiwa walikuja wote watatu, kila mmoja na udongo mkononi.

Gwakisa akasema, "Mama, mkono wangu ulishafika rafuni. Lakini aliyekuwa na duka hili kabla yangu yuko gerezani, na aliyempeleka unamjua. Niliogopa, nikafuata sheria."

Sheria! Mtoto anapiga miluzi kifuani, dawa iko hapo, na mtu mzima anasoma ukuta.

Daktari akasema, "Mama Tusekile, mumeo aliuawa na mtu aliyetoa dawa bila kumchunguza mgonjwa. Ulituapisha hadharani lisitokee tena. Mimi nilikataa kuandika bila kuona. Nilitenda ulichotaka."

Ni kweli. Ila kifua cha Tusekile alikuwa akikisikiliza tangu mtoto hajaota meno. Alikijua. Neno moja tu kwenye simu lilimshinda.

Mheshimiwa Kabuje akasema, "Sheria niliyokuja nayo ilikuwa na dawa ya mtoto wako. Ninyi mkalia, nikaitoa. Kiongozi asiyesikiliza watu wake ni kiongozi gani?"

Alisikiliza kilio, sikatai. Karatasi hakuisoma, na bado anavaa tai.

Subilaga aliwaka hasira. Angeweza, angewatupa wote watatu shimoni badala ya mwanawe. Lakini mila ilimpa jina moja. Nyuma yake mtu akanong'ona kwamba mchuma janga hula na wa kwao, na yeye akasikia, kwa kuwa mnong'ono wa msibani husikika kuliko kengele. Akataka kumtaja Gwakisa, akaikumbuka sauti yake mwenyewe mahakamani. Akataka kumtaja daktari, akaikumbuka sauti yake mwenyewe ukumbini. Akataka kumtaja Mheshimiwa, akakumbuka kwamba kalamu ilipokata dawa ya mwisho, yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kupiga makofi.

Akainua mkono wa kuume kumnyooshea mtu kidole. Kidole hakikunyooka, kwa sababu mkono ule ulikuwa umefumba udongo. Akautazama. Ngumi nne zilikuwa zimelizunguka kaburi la mtoto mmoja.

Msiniambie ni mipango ya Mungu, jibu hilo limenichosha. Wala msiseme wote, maana mila imekataa wote. Wachimbaji wameegemea majembe, jeneza dogo liko chini, na mama hajafungua kinywa.

Je, nani alistahili kunyimwa udongo wa Tusekile?