Mtoto wa Mfadhili Aingia Uwanjani

Jezi za Nyati, timu ya chuo cha ualimu, alizinunua Alhaji Ngwali. Viatu alivinunua yeye, na hata basi la timu lilikuwa lake. Asubuhi ya fainali alimfuata kocha, Bi Tunu.

"Leo mwanangu Haidari lazima awe uwanjani, la sivyo basi langu haliondoki!"

Haidari alikuwa kijana mcheshi, lakini mpira ulimkimbia kama kuku aliyeona kisu.

"Awe uwanjani dakika ngapi, Alhaji?"

"Zote tisini!"

"Nisimtoe hata akichoka?"

"Ukimtoa, nachukua jezi zangu."

"Na watu wamtazame?"

"Kuliko wote!"

"Basi apa mbele ya wachezaji kwamba nikiyatimiza hayo, hutachukua kitu."

Alhaji akaapa, akapanda basi akijipepea.

Kipenga kilipolia, aliwahesabu wachezaji, akawahesabu tena. "Mwanangu yuko wapi?" akafoka.

Bi Tunu akanyoosha kidole. Kando ya mstari, nyati mkubwa wa manyoya alikuwa akikata kiuno na kuwapungia mashabiki mkia, na jukwaa zima lilikuwa hoi kwa kicheko. Nyati akavua kichwa, na Haidari, jasho likimtiririka, akapiga kelele kwa furaha: "Baba, nione!"

Alhaji akafungua mdomo agombe. Kabla hajasema neno, mashabiki walikuwa wameshambeba juu juu wakiimba, "Baba Nyati! Baba Nyati!" naye akajikuta anakata kiuno hewani.